Ramadhani, Siku ya 14: Laptopu ya Kazini



Saa tisa mchana. Njaa imeshika, ofisi imetulia, bosi katoka. Mbele yako ipo laptopu ya kazi, na ndani yake kuna gemu ya mpira uliyoihamisha kwa flashi ya rafiki. Unajiambia: ngoja nisukume muda mpaka futari, si bora kuliko kukaa nasengenya watu?

Ni bora, ndiyo. Ila gemu siyo iliyo na shida hapa.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Wengi tukisikia amana tunafikiria pesa aliyotuwekesha jirani. Laptopu nayo umekabidhiwa, si yako. Na ile saa tisa pia si yako, umeshaiuza, utalipwa mwisho wa mwezi.

Kumbuka kisa cha Ibnul-Lutbiyya, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi akatenganisha: hiki chenu, hiki mimi nimepewa zawadi. Mtume akamuuliza, angekaa tu nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Yule bwana hakuvunja mlango wa mtu. Alichukua kilichomfikia kwa sababu ya kazi, akakiona chake. Sasa wewe, hiyo laptopu ungekuwa nayo bila ajira?

Halafu flashi ya rafiki inaweza kubeba virusi, na humo mna majina na namba za wateja. Hao hawakukuruhusu chochote.

Zipo ofisi zinazoruhusu mtu acheze baada ya saa za kazi, hapo hakuna neno. Basi muulize mkubwa wako. Ukiona haya hata kuuliza, jibu unalo.

Na kama ulishacheza saa za watu? Haki ya mja toba yake ni pamoja na kuirudisha. Futa gemu, kisha fidia muda: ingia mapema kesho, maliza ile ripoti uliyoiacha. (Mimi ninayeandika nilikuwa na gemu mbili. Moja niliifuta jana, ya pili leo asubuhi, nafsi ilivuta kweli.)

Ukitaka kucheza, simu yako ipo, bando lako lipo, baada ya tarawehe kama nguvu zitabaki.