Kukagua Faili za Usanidi Kabla ya Kuwasha Upya Kompyuta Kuu

Katika hospitali au mfuko wa bima ya afya unaotunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta kuu, mashine hiyo huweza kufanya kazi kwa miezi kadhaa bila kuzimwa. Faili zake nyingi za usanidi husomwa pale tu mfumo unapowashwa. Herufi iliyokosewa mwezi Machi hulala kimya kama maradhi yasiyo na dalili, kisha hujitokeza Septemba, usiku wa kuwasha upya, wakati aliyeiandika huenda amekwisha hama kazi na wauguzi wanasubiri majalada ya wagonjwa.

Mfano unaofaa ni z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM. Unapowashwa husoma LOADxx, faili inayouonyesha zilipo nyingine. Kisha IEASYMxx, yenye alama zinazosimama badala ya thamani halisi. Halafu IEASYSxx, yenye vigezo vikuu. Herufi xx hushika nafasi ya herufi au tarakimu mbili anazochagua msimamizi.

Hatari iliyojificha zaidi imo katika IEASYSxx. Humo kila mstari unaoendelea huishia kwa koma. Koma ikisahauliwa, mfumo huchukulia kwamba orodha imekwisha, na mistari yote inayofuata hupuuzwa. Wala haulalamiki, kwa kuwa kwa kanuni zake hakuna kosa lililotendeka. Mara nyingi jambo hili hutokea kigezo kipya kinapoongezwa mwishoni: mstari uliokuwa wa mwisho haukuhitaji koma, na sasa unaihitaji. Vilevile, kilichoandikwa kupita safu ya 71 hakisomwi, ingawa kwenye skrini kinaonekana vizuri kabisa. Mkaguzi basi hana budi kufuata koma moja baada ya nyingine, ikiwezekana pamoja na mwenzake ambaye hakuiandika faili hiyo.

Ipo zana ya kuonyesha mapema, bila kuzima chochote, jinsi alama zitakavyogeuzwa kuwa thamani. Kwa BPXPRMxx, faili ya upande wa Unix, amri ya SETOMVS SYNTAXCHECK hukagua sintaksia. Lakini haithibitishi kwamba faili zilizotajwa humo zipo kweli. Ndivyo ilivyo kwa mfamasia aliyepokea cheti kilichoandikwa kwa usahihi: jina na kipimo ni sawa, ila cheti hakimwambii kama dawa ipo kwenye rafu.

Usanidi uliofanya kazi mara ya mwisho hutunzwa bila kuguswa, ukiwa na LOADxx yake inayoelekeza kwenye IEASYSxx ya zamani. Opereta huitaja LOADxx anayoitaka kwa herufi mbili ndani ya kigezo cha kuwashia chenye nafasi 8. Akizibadili hizo, hurejea kwenye usanidi wa awali. Herufi hizo ziandikwe kwenye karatasi, maana maelekezo yaliyohifadhiwa ndani ya mashine hayasomeki ikiwa mashine yenyewe haijaamka.