Jinsi Chuo Kikuu cha Mlimani Kilivyojengwa

Mwaka huu sisi wa darasa la mwisho tunatakiwa kuchagua vyuo tutakavyoomba, na maneno yamekuwa mengi bwenini. Katika wilaya ya jirani kumefunguliwa chuo kikuu kichanga chenye majengo matatu na uwanja mpana wa nyasi. Wenzangu wengi wanakicheka. Wanasema, "Hicho ni chuo, au ni shule ya msingi iliyopakwa rangi?" Mimi sikuridhika na kicheko hicho. Nimeona yafaa nieleze habari za chuo kimoja mashuhuri kilichoanza bila hata jengo lake chenyewe, nacho ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho watu wa huko hukiita Mlimani.

Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, mwezi mmoja na nusu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Lau wangengoja mpaka majengo yote yasimame, wanafunzi wa kwanza wangezeeka wangali nje. Chama cha TANU kikatoa jengo lake la mjini, katika barabara ya Lumumba, na humo masomo yakaanza. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Msomaji huenda akauliza, kwa nini sheria? Mtazame mjenzi anavyofikiri. Sheria haitaki maabara wala mitambo. Yataka walimu, vitabu, meza na chumba chenye utulivu, na vitu hivyo vyaweza kuwekwa hata katika nyumba ya kuazima. Tena udaktari ulikuwa ukifundishwa hapa kwetu Makerere, na uhandisi Nairobi. Basi Mganda aliyetaka sheria alifunga safari kwenda Dar es Salaam, na Mtanganyika aliyetaka udaktari alikuja Kampala. Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1964 chuo kilihamia mlimani, yapata kilometa 13 magharibi ya mji. Hapo ndipo jina lilipopatikana. Kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii kilianza mwaka huo huo, na cha sayansi mwaka 1965. Udaktari ulifuata mwaka 1968, lakini huo haukupelekwa mlimani. Ulikaa Muhimbili penye hospitali, maana daktari hafundishwi mbali na wagonjwa. Vivyo hivyo kilimo kilianza mwaka 1969 kule Morogoro. Mwaka 1970 ule umoja wa nchi tatu ulivunjika, kila nchi ikabaki na chuo chake, ikabidi ijitafutie masomo yaliyopungua. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi.

Likizo iliyopita nilibahatika kufika huko. Mjomba wangu huendesha lori la mizigo kati ya Kampala na bandari ya Dar es Salaam, akanichukua. Niliuona ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya Tanzania kabla ya sarafu ya thamani hiyo kutolewa mwaka 2014. (Tumbili nao niliwaona, tena hawaogopi mtu; mmoja alimpora mjomba ndizi mkononi.) Ila kilichonishangaza zaidi ni nafasi. Kati ya jengo na jengo kuna miti, mabonde na ardhi tupu, hata mgeni hufikiri kwamba wajenzi waliishiwa fedha. Sivyo. Ardhi ilitwaliwa kubwa tangu mwanzo, kwa kuwa ekari ambayo leo ni pori, kesho imezungukwa na nyumba za watu, na bei yake haishikiki.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu wengi hukosea maana ya kujenga kwa awamu. Awamu si nusu ya nyumba. Kwetu mtu asiye na fedha nyingi hujenga kwanza nyumba ndogo nyuma ya kiwanja, yenye paa, mlango, jiko na choo, akahamia humo na watoto wake huku akichimba msingi wa nyumba kubwa. Ile ndogo imekamilika, yaweza kuliwa na kulaliwa. Awamu ya chuo ni hivyo hivyo: ikiwa kuna darasa pasipo vitanda, au vitanda pasipo maji, hiyo si awamu, ni hasara.

Jambo la pili ni mabomba. Anayejenga kwa awamu hana budi kuyafikiria majengo ambayo bado hayapo. Bomba la kutosha watu 200 likifukiwa leo, wakija watu 2,000 barabara itapasuliwa na kazi itaanza upya, na gharama ya kuchimba mara ya pili hupita tofauti ya bei kati ya bomba jembamba na nene. Mlima nao husaidia. Maji safi yakipandishwa juu mara moja hushuka yenyewe kwenda mabwenini, na maji machafu hushuka yenyewe mpaka kwenye mabwawa ya kuyasafishia bila mashine.

Lakini nisiwadanganye. Mlimani nako wanafunzi waliongezeka upesi kuliko vitanda, na wanafunzi wakabuni neno "kubebana", yaani mwenye kitanda humkaribisha rafiki yake asiyenacho, wakalala wawili penye nafasi ya mmoja. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, na maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: toka 1961 hadi 2018 ni miaka 57. Na katika muda huo awamu nyingine zilikua hata zikahama nyumbani: kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Kwa hiyo anayekicheka chuo cha jirani kwa majengo yake matatu, angeuliza kwanza majengo hayo yanatosha kazi gani. Jumamosi ijayo mimi na wenzangu wawili tumepewa ruhusa kwenda kukitazama. Tutauliza vitanda ni vingapi, maabara ipi imekamilika, maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi, na ule uwanja wa nyasi umeandikiwa nini katika ramani. Anayetaka kufuatana nasi ampe kiranja wa bweni jina lake kabla ya Alhamisi.