SOMO LA MWEZI: KUONGEZA BETRI KATIKA NDEGE NYUKI



Chama kinachotumia ndege nyuki, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, kwa kupimia mashamba na kukagua mazao, hakikosi kukutana na kikwazo kimoja: ndege haikai hewani kwa muda mrefu. Kabla ya nusu saa haijatimia huwa imekwisha kurudi chini, na shamba halijamalizika. Hapo ndipo hutolewa shauri kwamba fundi aifungie betri ya pili, ili muda wa kuruka uwe maradufu.

Shauri hili lina mvuto, lakini fedha itakayotumika ni jasho la wanachama. Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha wanachama kulipima shauri hilo kwa hesabu, kabla Bodi haijaidhinisha matumizi.

1. Mzigo hula posho

Tumfikirie mpagazi wa zamani aliyesafiri kwa miguu akibeba chakula chake mwenyewe. Akiongeza posho, mzigo huwa mzito; mzigo ukiwa mzito, huchoka upesi na kula zaidi. Hufika mahali ambapo kibaba anachokiongeza huliwa chote na kazi ya kukibeba kibaba hicho.

Ndege nyuki ni mpagazi wa namna hiyo. Haina mabawa ya kuishikilia hewani, bali rafadha zake nne ndizo zinazoubeba uzito wote tangu inapopaa hadi inapotua. Tena nguvu inayotakiwa hukua haraka kuliko uzito. Kwa rafadha zile zile, uzito ukiwa mara mbili, nguvu inayohitajiwa ili ndege ielee mahali pamoja huwa karibu mara 2.8.

2. Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa DJI Phantom 4, iliyotolewa mwaka 2016. Kwa mujibu wa watengenezaji, ndege hiyo ina uzito wa gramu 1,380 pamoja na betri yake. Betri peke yake ni gramu 462, nayo ina akiba ya wati-saa 81.3. Muda wake wa kuruka hauzidi dakika 28. Tukitumia kanuni tuliyoitaja, hali itakuwa hivi:

Betri 1: gramu 1,380, dakika 28.
Betri 2: gramu 1,842, dakika 36.
Betri 3: gramu 2,304, dakika 39.
Betri 4: gramu 2,766, dakika 39 na nusu.
Betri 5: gramu 3,228, dakika 39.

Wanachama wataona kwamba betri ya pili haikuleta dakika 28 nyingine, bali dakika 8 tu. Ya tatu imeleta dakika 3, ya nne nusu dakika, na ya tano imeanza kupunguza muda badala ya kuuongeza. Tena hii ni hesabu ya karatasi. Haikuingiza uzito wa nyaya na vishikizo, wala upepo, wala mota kupata joto kwa kulemewa. Shambani faida itakuwa ndogo zaidi.

3. Hatari za kuunganisha

Pamoja na faida hiyo ndogo, yapo madhara yanayopaswa kujulikana.

(a) Betri za lithiamu hutoa umeme mwingi kwa mara moja. Zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hali moja imejaa na nyingine imepungua, iliyojaa huimiminia mwenzake umeme kwa nguvu, na nyaya au betri zenyewe zaweza kuungua.

(b) Zikiunganishwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti huwa mara mbili. Ndege iliyotengenezwa kwa volti 15.2 haiwezi kustahimili kiasi hicho, na vifaa vinavyoongoza mota huungua.

(c) Betri ya kiwandani ina saketi inayopima akiba iliyobaki na kumwarifu mrushaji. Saketi hiyo haiitambui betri ya nyongeza. Mrushaji husoma hesabu isiyo ya kweli, na ndege yaweza kuanguka akidhani akiba ingalipo.

(d) Uzito ukiegemea upande mmoja, mota za upande huo hufanya kazi kupita kiasi. Zikiwa hazina nguvu ya akiba, upepo ukivuma ghafula ndege hushindwa kujisawazisha.

(e) Kifaa kilichofunguliwa na kubadilishwa huweza kupoteza dhamana ya muuzaji. Kikianguka juu ya mtu, mfugo au paa la nyumba, chama ndicho kitakachoulizwa.

4. Njia iliyo bora

Turudi kwenye betri zile tatu. Zikifungwa zote kwa pamoja, huleta dakika 39. Zikiwekwa mkobani na kubadilishwa moja baada ya nyingine, huleta mara tatu ya dakika 28, yaani dakika 84. Betri ni zile zile na gharama ni ile ile, lakini kazi ni zaidi ya maradufu, wala hapana waya uliokatwa. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Kwa hiyo chama kigawe shamba katika vipande, na kila kipande kitoshe betri moja. Mrushaji asimame karibu na kipande anachokipima, ili dakika zisiishie njiani. Atue akiba ikiwa imebaki asilimia 25 au 30, abadilishe betri, na kuendelea pale alipoachia.

Iwapo eneo ni kubwa mno, dawa ni kutafuta ndege ya namna nyingine. Katika kazi ya kuchora ramani ya visiwa vya Zanzibar iliyoanza mwaka 2016, zilitumika ndege ndogo za mabawa aina ya eBee. Bawa likikata hewa ndilo linalobeba uzito, na mota hubakiwa na kazi ya kusukuma mbele tu. Ndiyo maana ndege hizo hukaa hewani kwa muda mrefu zaidi. Vyama jirani vyaweza kushirikiana kukodi huduma hiyo kupitia Chama Kikuu.

5. Utunzaji na sheria

Betri zichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na ghala, magunia na makuti, na mtu awepo wakati wote. Iliyovimba au kutoboka isitumiwe tena. Zisizotumika kwa siku nyingi zihifadhiwe zikiwa na takriban nusu ya akiba, mahali penye ubaridi. Katibu afungue daftari na kuandika kila betri kwa namba yake, tarehe ya kununuliwa na safari ilizokwenda.

Kwa upande wa Tanzania, wanachama wakumbuke kwamba kurusha ndege nyuki kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa kawaida mrushaji hutakiwa aione ndege yake kwa macho wakati wote. Kuibadili hadi uzito wake utofautiane na ulioandikwa katika hati ni kujitafutia matatizo.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano

1. Kwa nini betri mbili hazileti muda maradufu?
2. Shamba kubwa kuliko yote katika chama chetu lahitaji vipande vingapi, na betri ngapi?
3. Nani atakabidhiwa betri na daftari lake, naye atatoa taarifa kwa nani?
4. Je, gharama za chama kununua ndege yake ni ndogo kuliko za kukodi pamoja na vyama jirani?

Katibu anaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama, na kuyaandika majibu yao katika kumbukumbu za mkutano.