Mtu Mdogo na Joka la Mlimani

Wako watu wadhanio ya kuwa shujaa hana budi kuwa mkubwa wa mwili, mwenye upanga mkali na sauti ya kutisha. Bilbo Baggins hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Habari zake zimo katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Hobbit, kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1937.

Aliyekitunga ni J.R.R. Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza. Kabla ya kutimiza miaka 13 alikuwa amekwisha fiwa na baba na mama. Mwaka 1916 alikuwa askari katika vita vya mto Somme, Ufaransa, akaugua homa iletwayo na chawa wa mahandakini, akarudishwa kwao. Hata ulipofika mwaka 1918 rafiki zake wa moyoni walikuwa wamekufa, ila mmoja. Baadaye akawa mwalimu wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, naye nyumbani huwahadithia watoto wake.

Kitabu kilipopelekwa kwa Stanley Unwin, mwenye kampuni ya vitabu, yeye alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, akisome na kusema kama kinafaa. Mtoto akakisifu, akalipwa shilingi moja kwa kazi yake. Zikapigwa chapa nakala 1,500, na kabla ya mwaka kwisha zote zilikuwa zimenunuliwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Wahobbit ni watu wa kubuniwa, wafupi, wenye nyayo ngumu, wasiovaa viatu. Hupenda chakula kizuri na raha ya nyumbani. Bilbo alikuwa na miaka 50, naye hajapata kwenda vitani. Siku moja mzee wa ajabu, jina lake Gandalf, alimletea wageni 13. Hao walikuwa Vibeti, watu wafupi wenye ndevu ndefu, mafundi wa kuchimba na kufua madini. Mkubwa wao aliitwa Thorin, mjukuu wa mfalme. Zamani joka liitwalo Smaug, lenye mabawa na lenye kutema moto, liliushambulia mlima wa babu yake, likaua watu, likailalia dhahabu yao yote. Vibeti wakataka Bilbo afuatane nao kwenda kuirudisha. Walipomwona anatetemeka wakamdharau, lakini akaenda.

Njiani Bilbo aliokota pete ambayo mtu akiivaa haonekani. Kwa pete hiyo na kwa akili zake aliwatoa wenzake katika nyuzi za buibui wakubwa. Kisha akawatorosha katika gereza la Mfalme wa Msitu, akiwatia ndani ya mapipa yaliyochukuliwa na maji ya mto.

Walipofika mlimani, Bilbo alishuka peke yake pangoni mwa joka. Akalisifu sana, nalo kwa majivuno likamwonyesha kifua chake kilichofunikwa kwa vito. Bilbo akaona mahali pamoja palipo wazi, upande wa kushoto. Alipowaeleza wenzake habari hiyo, ndege mmoja alikuwa akisikiliza. Joka likaruka kwa hasira, likauchoma moto mji wa watu wa ziwani. Ndipo yule ndege akamnong'oneza mpiga upinde aitwaye Bard, naye akalipiga joka pale pale kwa mshale wake wa mwisho. Likaanguka juu ya mji, likafa.

Joka lilikufa, lakini dhahabu ilibaki, na tamaa ya dhahabu ikabaki nayo. Watu wa ziwani, ambao sasa hawana nyumba, walikuja pamoja na askari wa Mfalme wa Msitu, wakaomba fungu la mali wapate kujenga. Thorin, aliyekuwa amekwisha ziba lango kwa mawe na kutuma habari kwa jamaa yake Dain aje na jeshi, akakataa. Akatafuta kwa bidii kito kilichopita vito vyote, kiitwacho Arkenstone, akaapa kumlipiza kisasi mtu yeyote atakayekificha.

Kito hicho kilikuwa kwa Bilbo. Alikuwa ameahidiwa fungu moja katika mafungu 14, akakitwaa kito kuwa fungu lake, asimwambie mtu. Usiku akateremka kwa kamba, akawapa Bard na Mfalme kito kile, wapate kubadilishana na Thorin kwa dhahabu, watu wasiuane. Mfalme akamsihi asirudi kwa Thorin. Bilbo akarudi, maana hakutaka kuwaacha rafiki zake. Kesho yake akakiri mbele yao wote. Thorin akamkamata, akataka kumtupa chini toka ukutani, hata Gandalf akamzuia. Bilbo akafukuzwa.

Jeshi la Dain lilipofika, nusura vita vianze. Mara wakatokea mazimwi na mbwa-mwitu wengi mno, adui wa wote, na wale waliokuwa wakigombana wakaungana. Walishinda, lakini wengi walikufa. Bilbo alipigwa jiwe kichwani, akazimia, asiuone mwisho wa vita. Thorin, akiwa katika kukata roho, alimwita, akayafuta maneno yake mabaya, wakaagana kwa amani. Waswahili husema: Tamaa mbele, mauti nyuma.

Bilbo alirudi kwao na visanduku viwili vidogo, kimoja cha dhahabu na kimoja cha fedha. Akakuta vyombo vyake vinapigwa mnada, kwa kuwa watu walidhani amekufa. Habari za ile pete Tolkien alizisimulia zaidi katika The Lord of the Rings, kilichotolewa kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955.

Kulikabili joka kulihitaji ushujaa, na wenzake wote walimsifu Bilbo kwa hilo. Alipokitoa kito hakuna Kibeti aliyemsifu, naye alijua kabla ya kurudi ya kuwa watamkasirikia.

MASWALI
1. Kwa nini Vibeti walimdharau Bilbo?
2. Majivuno ya joka yaliliponzaje?
3. Watu wa ziwani walikuwa na haki gani ya kuomba fungu la mali?
4. Je, Bilbo alimkosea Thorin, au alimtendea mema? Toa sababu zako.
5. Kurudi kwa Thorin na kushuka pangoni mwa joka, lipi lilikuwa gumu zaidi?