SOMO LA BIASHARA: Tairi la fowili lipimwe kwa kilomita, si kwa bei ya dukani

Na Mwandishi Wetu, Songea

Mfanyabiashara wa Songea mwenye Hilux au Land Cruiser huijua bei ya gunia la mahindi mpaka shilingi ya mwisho. Muulize matairi yake yanamgharimu kiasi gani kwa kila kilomita moja, na mara nyingi atakutajia bei aliyonunulia dukani. Hizo ni hesabu mbili tofauti. Mwenye gari asiyezitofautisha huweza kupoteza faida ya safari nzima ya Mbinga bila kujua imepotelea wapi.

Tuanze na barabara, kwa sababu ndiyo inayokula tairi. Katika miaka ya 1990 lami ya kutoka Makambako ilikufikisha Songea mjini. Ukitaka kuendelea mpaka Tunduru, ulikuwa unajiandaa kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa tope wakati wa masika. Mazoea ya kununua matairi yenye meno makubwa yalianzia huko, na wakati ule yalikuwa na sababu. Leo lami inafika Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki inapita Namtumbo na Tunduru hadi Masasi na Mtwara. Iliyobaki ya udongo na changarawe ni ile ya kuingia vijijini, ambako ndiko mzigo uliko: milima ya Umatengo yenye kahawa, mashamba ya mahindi, njia za mpakani.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua daftari. Andika kwa mwezi mmoja gari linakwenda kilomita ngapi kwenye lami na ngapi kwenye udongo. Wengi watashangaa. Mtu anayejiona ni wa porini hugundua kwamba theluthi mbili au zaidi ya safari zake ni lami.

Matairi ya 4WD yana makundi matatu makubwa, na herufi zake huandikwa ubavuni. H/T ni la barabara nzuri: meno yake ni madogo, kelele ni kidogo, na kwenye lami hudumu. M/T ni la tope: meno yake ni makubwa na nafasi kati yake ni pana ili tope lijitoe lenyewe gurudumu linapozunguka. Kwenye lami meno hayo hujipinda, hupata joto na kulika haraka, na lami ikilowa tairi hilo hushika vibaya kuliko H/T. A/T liko katikati, na kwa wenye magari wengi wa mkoa huu ndilo la kuanzia kufikiria. M/T limfae yule ambaye Januari na Februari hana njia nyingine ila ya udongo mwekundu kwenye mteremko. Anayelinunua kwa ajili ya sura ya gari ajue kwamba sura hiyo ina ada ya kila mwezi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia. Wewe weka zile utakazopewa dukani. Gari linakwenda kilomita 2,500 kwa mwezi. Tairi la kwanza ni la bei rahisi, sh. 320,000, na linadumu kilomita 32,000. La pili ni A/T la daraja la juu, sh. 560,000, nalo linadumu kilomita 70,000. La tatu ni M/T, sh. 650,000, na kwa safari zenye lami nyingi linadumu kilomita 45,000.

Seti ya manne ya kwanza ni sh. 1,280,000. Gawanya kwa kilomita 32,000, utapata sh. 40 kwa kilomita. Seti ya pili ni sh. 2,240,000, yaani sh. 32 kwa kilomita. Seti ya tatu ni sh. 2,600,000, karibu sh. 58 kwa kilomita. Kwa mwezi, basi, ni sh. 100,000, sh. 80,000 na takriban sh. 144,000. Tairi lililoonekana ghali dukani limekuwa rahisi kuliko yote barabarani.

Wauzaji wengi wakifika hapo hufunga mazungumzo. Mfanyabiashara asifunge, kwa sababu fedha nayo ina bei yake. Kununua seti ya pili badala ya ya kwanza kunakutaka utoe sh. 960,000 zaidi leo. Unachopata ni kwamba baada ya miezi kama 13, wakati mwenzako analipa sh. 1,280,000 nyingine kwa seti mpya, wewe hulipi kitu. Umeweka sh. 960,000 na kuokoa sh. 1,280,000: faida ni sh. 320,000. Aidha, seti ya pili ya mwenzako itakapokwisha, matairi yako yatakuwa bado na kilomita 6,000, ambazo kwa sh. 32 ni sh. 192,000. Jumla ni sh. 512,000 kwa miezi 13, yaani kama asilimia 4 kwa mwezi ya fedha uliyoongeza.

Sasa linganisha. Kama fedha hiyo umeikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ya miezi 13 ni sh. 374,400. Bado unabaki na faida, ila nyembamba. Kama umeikopa kwa asilimia 10 kwa mwezi, kama wanavyotoza baadhi ya wakopeshaji wa mitaani, riba itapita faida mara mbili na zaidi. Nunua tairi la bei ndogo na usione haya. Hali kadhalika kwa mwenye uhakika kwamba sh. 960,000 akizitia kwenye mahindi mwezi Julai zitamzalishia zaidi ya asilimia 4 kwa mwezi mpaka atakapouza. Neno la kuangalia hapo ni "uhakika". Walionunua mahindi wakitegemea soko la nje mwaka 2017, kisha Serikali ikazuia yasitoke nchini, wanaelewa. Tairi zuri halina bei ya kupanda wala kushuka. Akiba yake unaipata kila unapowasha gari.

Swali lililobaki ni jinsi ya kujua tairi litadumu kilomita ngapi, maana muuzaji atakutajia namba inayompendeza. Pima mwenyewe. Tairi jipya lina kina cha meno, tuseme, cha milimita 10. Baada ya kilomita 10,000 limebaki na 8.5. Limelika milimita moja na nusu. Ukiamua kuliondoa likifika milimita 3, una milimita 5.5 za kutumia, ambazo kwa kasi hiyo ni kilomita 36,000 na ushei. Pamoja na zile 10,000 za mwanzo, tairi lako ni la kilomita 46,000 hivi, kwa dereva wako na kwa barabara zako. Vijinundu vilivyo ndani ya mifereji ya meno huashiria milimita 1.6. Ukivifikia umechelewa, hasa kama mvua zimeanza.

NAMBA ZA UBAVUNI

Chukua tairi lililoandikwa 265/70R16 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 ni urefu wa ubavu, asilimia 70 ya upana huo. R ni redio, lile ambalo mafundi huliita la waya. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ndiyo ambayo wachukuzi huipuuza kuliko zote: ni alama ya uzito, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo kwenye kona za Umatengo halimhusu mtu mwenye akili timamu.

Matairi mawili ya nyuma ya namba hiyo yanabeba kilo 2,240, na humo umo uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma. Magunia kumi ya kilo mia ni tani moja. Ongeza abiria na dumu za mafuta, uone nafasi iliyobaki. Anayebeba mizigo kila siku atafute lenye herufi LT, la ubavu mgumu. Kwa kipimo hichohicho utalikuta na alama kama 121, yaani kilo 1,450. Lakini tairi la LT hubeba uzito huo likijazwa upepo wake kamili, ambao ni mkubwa kuliko wa tairi la kawaida. Ukilijaza upepo uleule wa zamani, umelipia nguvu ambayo huitumii.

Kubadilisha kipimo ni jambo la hesabu pia. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukiweka 265/75R16 unapata 804. Gari litasimama juu kidogo na kupendeza, lakini mita ya kilomita itaanza kusoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa kila kilomita 2,500 za kweli itaonyesha kama 2,416. Mwenye kukodisha gari kwa kilomita atakuwa anatoa kilomita 84 bure kila mwezi. Wakati mwingine, hata hivyo, vipimo tofauti hukaribiana: 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, karibu sawa na 7.50R16 ya Land Cruiser za mkonga, ila rimu lazima ikubali upana huo. Usikubali neno la "litaingia tu".

Mbili au nne? Inategemea gari. Gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kama Land Rover Defender au Prado nyingi, halipendi matairi ya vimo tofauti. Tairi jipya la meno ya milimita 10 na la zamani la milimita 3 vinapishana milimita 14 za kipenyo, na tofauti hiyo husagwa ndani ya difu na giaboksi siku nzima. Huko badilisha yote manne pamoja, au zungusha matairi kila kilomita 10,000 ili yalike sawasawa. Gari la kuweka fowili kwa kutaka, kama Hilux nyingi, linavumilia kubadilishwa mawili, ilimradi fowili isiwekwe kwenye lami kavu. Mawili hayo mapya yakae nyuma. Madereva wengi hutaka yawe mbele, lakini nyuma ikiteleza kwenye kona ya mvua usukani hauwezi kuirudisha kwa urahisi.

TAREHE NA MTUMBA

Hapa nchini tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Jirani zetu wa Kenya nao walishuhudia Sameer, watengenezaji wa Yana, wakifunga kiwanda cha Nairobi mwaka 2016. Siku hizi tairi unalolikuta Songea limesafiri kwa meli, likakaa ghalani, na huenda likakaa tena kwenye duka lenye mauzo ya taratibu. Kwa hiyo tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka sita, hata kama meno yapo. Tairi la miaka minne dukani linaweza kuwa halali kulinunua, lakini lisiuzwe kwa bei ya jipya. Hiyo ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Matairi ya mtumba yana mtego mmoja ambao haujulikani sana. Magari mengi kutoka Japani huja na matairi ya theluji. Meno yake yana mikato midogomidogo mingi na mpira wake ni laini, mzuri kwa barafu. Kwenye lami ya joto ya Tunduru huisha kama sabuni. Ukiona neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye alama ya theluji juu ya meno ya namna hiyo, mwachie mwenyewe.

Kuhusu wakati wa kununua: mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Fedha za mahindi na kahawa huwa mkononi kati ya Agosti na Oktoba. Nunua hapo, na dai risiti ya EFD, kwa sababu tairi ni gharama halali ya biashara na bila risiti utabishana na ofisa wa kodi kwa mdomo mtupu.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kibandiko cha mlango wa dereva, na uongezwe kabla ya kupakia. Wenye Land Cruiser za rimu za pete wawe na neno la ziada na fundi wao. Pete ile ikiruka wakati wa kujaza upepo huua mtu. Fundi asiyekuwa na kizimba cha chuma au mnyororo wa kuifunga rimu asipewe kazi hiyo, hata kama anatoza nusu ya bei.