Uumbaji wa Mhusika katika Mchezo wa Kompyuta: Somo kwa Mwanagenzi wa Ragnarok Online

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kumkuta mhusika akiwa ameshaumbwa. Mwandishi ndiye aliyempa hulka, naye msomaji huifumbua hulka hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Katika michezo ya uigizaji inayochezwa kwenye intaneti, mambo ni kinyume: mchezaji hukabidhiwa mhusika mtupu na kutakiwa amuumbe kwa tarakimu. Makala haya yanachunguza uumbaji huo kwa kurejelea Ragnarok Online, mchezo uliotolewa na kampuni ya Gravity ya Korea Kusini mwaka 2002 kwa msingi wa hadithi ya katuni ya Lee Myung-jin. Kanuni zinazojadiliwa ni zile za awali, kabla ya marekebisho ya mwaka 2010. Swali kuu ni hili: je, mwanagenzi azigawe vipi alama za sifa ili asije akajuta?

Sifa Sita na Kazi Zake

Kila mhusika ana sifa sita. Nguvu huongeza uzito wa pigo la upanga. Wepesi huharakisha mapigo na kumwezesha kukwepa. Ustahimilivu huongeza uhai. Akili hukuza uchawi pamoja na nishati ya kuutumia. Ulengaji humwezesha kumpata adui, hufupisha muda wa kutamka uchawi, na ndio unaoupa mshale uzito wake. Bahati huongeza uwezekano wa pigo la ghafla lisilokwepeka.

Mwanzoni sifa hizi hupangwa kwa jozi zinazokinzana: nguvu na akili, wepesi na bahati, ustahimilivu na ulengaji. Kila jozi ina jumla ya 10. Anayeinua upande mmoja hadi 9 huubakishia wa pili 1. Hivyo basi, hata kabla ya kupigana vita vya kwanza, mchezaji ameshachagua na ameshapoteza.

Hesabu ya Alama

Mhusika akipanda ngazi hupewa alama: 3 katika ngazi za mwanzo, na 22 anapoingia ngazi ya 99 ambayo ndiyo ya mwisho. Jumla yake ni 1,225. Hata hivyo, bei ya sifa nayo hupanda. Kuitoa sifa 1 hadi 2 hugharimu alama 2; kuitoa 91 hadi 92 hugharimu alama 11. Kuipandisha sifa moja kutoka 9 hadi 99 hugharimu alama 612. Kwa hiyo, anayekamilisha sifa mbili kwa namna hiyo hubakiwa na alama 1 tu kwa zile nne nyingine.

Kosa la Mwanagenzi

Mwanagenzi aghalabu huogopa kuchagua. Huanza na 5 kila mahali, kisha hugawa sawasawa akidhani kwamba usawa ni usalama. Mwisho wa safari sifa zake zote huwa 52 au 53: pigo lake ni la wastani, ukwepaji wa wastani, uchawi wa wastani. Mshika mawili moja humponyoka. Huyu ameshika sita.

Kosa la pili ni la kinyume. Mpiga upanga akimimina kila kitu katika nguvu na kuusahau ulengaji, pigo lake litakuwa zito lakini litaangukia hewani. Sifa kuu haina budi kuwa na sifa ya kuitegemeza. Mpiga mishale aanze na ulengaji 9 na wepesi 9, kwa kuwa sifa hizo mbili hazikinzani. Mchawi aanze na akili 9 na ulengaji 9. Mpiga upanga achague njia mapema: ama wepesi wa kukwepa, ama ustahimilivu wa kuvumilia. Akumbuke kwamba ukwepaji hupungua anapozingirwa na maadui zaidi ya wawili. Tena, nguvu huleta nyongeza maalumu ya pigo katika kila makumi: 39 huleta 9, lakini 40 huleta 16. Asisimame hatua moja kabla ya kufika.

Uzito wa somo hili unatokana na jambo moja. Katika miaka ya awali ya mchezo huo, alama iliyokwisha kutumiwa kwa kawaida haikurudishwa. Aliyekosea hesabu alilazimika kuishi na mhusika wake au kumwacha na kuanza upya.

Bapa au Duara?

Tangu E. M. Forster atofautishe wahusika bapa na duara mwaka 1927, uhakiki umeelekea kumtukuza mhusika duara. Mchezo huu unaelekea kumtuza bapa. Hata hivyo, ubapa huo una maana. Mchawi asiyestahimili pigo humhitaji mpiga upanga wa kusimama mbele yake, naye mpiga upanga humhitaji mponyaji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uduara ambao mtu mmoja hawezi kuununua kwa alama 1,225 hupatikana katika kundi.

Hitimisho

Mwanagenzi na ajiulize kwanza mhusika wake atafanya kazi gani miongoni mwa wenzake, ndipo agawe alama. Kuumba mhusika ni kukubali kumnyima baadhi ya mambo. Hilo mwandishi wa riwaya analijua. Mchezaji hulijua alama zinapokwisha.