Mfungwa wa Wake Wawili

Ndugu Waislamu, natuzingatie habari za George Reynolds, karani wa mkuu wa Wamormoni huko Utah, Marekani. Mwaka 1874 alioa mke wa pili, ilhali sheria ya mwaka 1862 ilikwisha kataza. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba itikadi ya mtu ni huru, lakini kitendo chake hutawaliwa na sheria. Akafungwa hata Januari 1881, na humo gerezani akawasomesha wafungwa wenziwe. Mwaka 1890 kanisa lake likatangaza kuiacha ndoa hiyo.

Sisi hatumo katika dhiki ile. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yaikubali ndoa ya Kiislamu ya wake zaidi ya mmoja. Ndugu yetu wa Isiolo, sawa na wa Lamu, huoa pasi na hofu ya pingu. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 3, imeifungamanisha ruhusa hiyo na uadilifu. Achelеaye kutoutimiza, na atosheke na mmoja. Basi amwachaye mke wa kwanza bila masurufu wala zamu, ameshika nusu ya aya na nusu ameitupa. Askari hatamkamata, hesabu yake iko kwa Mola.